Baiskeli Isidharauliwe

Mgeni ashukaye katika stendi ya mabasi ya Shinyanga hupokewa na baiskeli. Huziona zimesimamishwa kwa safu, keria zake zimefungwa mito ya sponji iliyovikwa vitambaa vya rangi, na wenyewe wameshika usukani wakimwita abiria. Wenyeji huziita daladala, jina ambalo Dar es Salaam hulitumia kwa mabasi madogo, na kwa nauli ndogo humfikisha mtu Ngokolo, Ndala, Kambarage au Lubaga. Ardhi yenyewe yairuhusu kazi hiyo. Mji umelala juu ya tambarare, na mtu mwenye afya ya kawaida aweza kuuvuka toka upande mmoja hadi wa pili bila kulazimika kushuka na kuikokota baiskeli yake. Vijijini nako, Usanda, Samuye na Iselamagazi, ni baiskeli hiyo hiyo inayobeba gunia la pamba, madumu ya maji, kuku wa kuuza mnadani, na mgonjwa anayewahishwa zahanati.

Lakini katika viwanja vya ofisi za umma na vya shule za mjini mambo ni mengine. Huko baiskeli iliyobaki mara nyingi ni ya mlinzi au ya mhudumu. Afisa amekuja kwa gari. Mwalimu ambaye hajapata gari amekuja kwa pikipiki, ama yake mwenyewe ama ya kukodi, na anahesabu miaka iliyosalia kabla ya kupata gari. Nyumba ya wengi wao haiko mbali. Ni kilomita tatu, nne au tano, mwendo ambao baba zao waliupita kila siku kwa baiskeli wakiwa wamevaa suruali iliyobanwa kifundoni kwa kibanio, na hakuna aliyethubutu kuwaita mafukara.

Historia hiyo haifai kusahauliwa, hasa katika Usukuma. Baiskeli ilienea huko kwa fedha ya pamba. Katika miaka ya 1950, vyama vya ushirika vya wakulima vilipoungana chini ya Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, mkulima aliyepata bei nzuri alinunua bati, cherehani na baiskeli. Bwana shamba, karani wa chama cha ushirika, mwalimu, mganga msaidizi na katibu wa tawi la TANU waliwafikia wananchi kwa chombo hicho. Baada ya Uhuru nchi ikaanza kutengeneza baiskeli zake yenyewe, zile za Swala, chini ya Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, NABICO. Swala ikasimama ukutani pamoja na Raleigh ya Mwingereza na Phoenix ya Mchina, na mtumishi aliyekuwa nayo alijihesabu kuwa mtu aliyejimudu. Kwa hiyo anayesema kwamba baiskeli ni alama ya unyonge hazungumzi kwa niaba ya mila ya Wasukuma wala ya watumishi wa nchi hii. Anazungumza kwa niaba ya kasumba.

Kasumba hiyo ina sura yake. Afisa akionekana barabarani juu ya baiskeli, wenzake humwuliza kama gari limeharibika. Akionekana tena siku ya pili, huulizana wao kwa wao kama amefilisika. Mwalimu mkuu akifika shuleni amekaa kwenye kiti cha baiskeli, wapo walimu wanaoona haya kwa niaba yake. Mara baada ya Uhuru wananchi waliwabandika jina la Wabenzi wale waliogeuza gari kuwa cheo. Jina hilo limezeeka, na magari yanayonunuliwa sasa ni madogo na yamekwisha kutumika Japani kabla ya kufika bandarini. Lakini maradhi ni yale yale, ila yameshuka ngazi, yakatoka kwa mkurugenzi yakamwingia karani.

Gharama yake huonekana kwanza katika hati ya mshahara. Serikali imeweka kanuni kwamba makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kanuni ni njema, lakini imegeuka kuwa kipimo cha kukopa: wengi hukopa mpaka waigote hiyo theluthi, na sehemu kubwa ya mkopo huo huenda kwenye gari. Gari likiisha kununuliwa huanza kudai haki zake. Linataka bima, matairi, fundi na petroli. Agosti 2022, dunia ilipotikiswa na vita vya Ukraine, bei kikomo ya petroli Dar es Salaam ilipita shilingi 3,400 kwa lita, na mikoa ya Ziwa ililipa zaidi kwa sababu mafuta husafirishwa mbali. Mshahara haukupanda kwa kasi hiyo. Ndipo mtumishi alipomwendea mkopeshaji wa mtaani, yule ambaye wananchi wenyewe wamempa mkopo wake jina la kausha damu, akaacha kadi ya benki mikononi mwake ili aweze kulitia gari mafuta ya kwenda kazini kutafuta mshahara ambao tayari si wake.

Mtetezi wa gari atajibu kwamba fedha hutafutwa, na kwamba gari huokoa muda. Yafaa muda huo upimwe. Kilomita nne kwa baiskeli, katika tambarare kama ya Shinyanga, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ambao si wa mashindano, ni dakika 16. Gari litazipita kwa dakika nane, tisa au kumi, kwani lina kona, matuta, bodaboda na mahali pa kuegeshwa. Muda uliookolewa basi haufiki dakika kumi kwa safari moja. Swali ni wapi dakika hizo huwekwa. Kama zingerudi nyumbani, zikakaa mezani pamoja na watoto, hoja ya gari ingekuwa na nguvu. Lakini kila aishiye katika nyumba ya mtumishi anajua kwamba hazirudi. Gari humwezesha baba kupitia mahali pengine pawili kabla ya kufika kwake, na humwezesha mama kuongeza kikao kimoja na shughuli moja ya kikundi. Na kwa kuwa safari yaonekana kuwa fupi, kila mtu huahidi mambo mengi kuliko siku inavyoweza kubeba. Watoto hulala kabla mlango haujafunguliwa.

Hapa ndipo penye hasara iliyo kubwa kuliko petroli. Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni uliowashwa uani, ambapo wazee na vijana walikaa pamoja baada ya kazi, michembe ikipita mkono kwa mkono, na kijana akasikia habari za ukoo, za mifugo, za adabu na za dunia. Hakuna aliyekwenda shikome kufundishwa somo kwa ratiba. Mafunzo yalitokea kwa sababu watu walikuwa mahali pamoja na hawakuwa na haraka. Nyumba ya mtumishi wa mjini haina shikome, na haifai kudai kwamba itaurudisha kwa amri. Lakini inahitaji mahali pa kuchukua nafasi yake, na safari ya asubuhi na ya jioni ni mojawapo ya nafasi chache zilizobaki.

Mtoto aliyeketi kwenye keria, ameshika kiuno cha baba yake, huuliza maswali. Huuliza kwa nini maji ya mfereji yamebadilika rangi, kwa nini yule mzee anachoma mkaa, kwa nini mbuga ya udongo mweusi hupasuka kiangazi na masika hunasa magurudumu. Humwona fundi baiskeli chini ya mti wake, na baba husimama kumsalimu, na mtoto hujifunza namna ya kumwamkia mtu mzima kwa kumwona baba akiamkia. Akiwa mkubwa kidogo hupewa baiskeli yake, akapanda pembeni ya mzazi, na mwendo wa wote wawili hulazimika kuwa mwendo wa aliye mdogo. Ndani ya gari mtoto huyo huyo hukaa kiti cha nyuma, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, redio inazungumza, na baba anazungumza na simu. Wote wawili wamefika shuleni salama, lakini mmoja tu amesafiri na mzazi wake.

Nchi hii iliwahi kuonja kidogo ladha ya mwendo huo, ingawa haikuutaka. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, vita dhidi ya Idi Amin vilipoimaliza hazina na bei ya mafuta ikapaa duniani, Serikali ilipiga marufuku magari ya binafsi kutembea siku ya Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali. Shida ya wakati ule haina haja ya kupambwa: palikuwa na foleni za sukari, za sabuni, na maduka yenye rafu tupu. Hata hivyo amri hiyo iliipa kila familia yenye gari alasiri moja kwa wiki ambayo hakuna aliyeweza kukimbilia popote. Ilikuwa alasiri ya kwenda kwa jirani kwa miguu, ya kumtembelea mgonjwa wa mtaa ule ule, ya kukaa barazani. Marufuku ilipoondoka, ilikwenda na alasiri yake.

Wengine waliopatwa na tatizo hilo hilo walifanya la busara zaidi. Uholanzi, nchi tajiri isiyohitaji kuonewa huruma na yeyote, ilitangaza Jumapili zisizo na magari kuanzia tarehe 4 Novemba 1973, mafuta ya Waarabu yalipokatwa. Watu wakaingia katika barabara kuu kwa baiskeli na kwa miguu. Lakini kabla ya hapo wazazi wa huko walikuwa tayari wamekwisha kuandamana, kwa maana mwaka 1971 magari yalikuwa yameua watoto zaidi ya 400 katika nchi hiyo ndogo. Mafuta yaliporudi, wananchi hawakukubali kurudi pale walipokuwa. Walidai njia za baiskeli, wakajengewa, na leo mawaziri wao huonekana wakienda kazini kwa pedeli bila mtu kuwauliza kama wamefilisika.

Wala Mtanzania hahitaji kwenda Uholanzi kutafuta kiongozi asiyeona haya kwenda polepole. Oktoba 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Mwanza. Alikwenda kwa miguu. Safari ambayo gari la Rais lingeimaliza kwa nusu siku ilichukua siku kadhaa, na njiani wananchi wakaungana naye, wakazungumza naye na kumlisha. Hakuna aliyedhani kwamba heshima ya Urais ilipungua kando ya barabara ile.

Geita ni habari nyingine, na yafaa izungumzwe kwa uangalifu. Dhahabu ilichimbwa huko tangu enzi ya ukoloni mpaka mgodi wa zamani ulipofungwa katika miaka ya 1960; mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Pembezoni mwa mgodi huo, Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko, wachimbaji wadogo huishi kwa mwendo wa rashi. Habari ya dhahabu ikisikika leo, kesho kutwa pori limekuwa mji. Hapo haraka si tabia mbaya ya mtu mmoja. Ni sheria ya mahali. Aliyechelewa kufika hakuti duara. Kijana akiuza vizuri hununua pikipiki kabla ya kununua kitanda, na mji wa Katoro, ambao biashara yake haijui usiku, huvuma kwa bodaboda tangu alfajiri. Tena Geita ina vilima, na si haki kumdai mwalimu wa huko apande mlima kwa baiskeli ili kutimiza nadharia ya mtu wa tambarare.

Lakini ni huko huko ambako familia hulipa zaidi. Mume yuko duarani wiki nyingi, na akirudi hurudi na fedha badala ya kurudi na habari. Walimu wa shule za machimboni wanawajua watoto wanaolelewa na shangazi, na bibi, na wakati mwingine na dada aliye darasa la sita. Wanamjua pia mwalimu mwenzao aliyenunua bodaboda tatu za kukodisha, akawa anasahihisha madaftari huku simu za madereva wake zikilia. Mtumishi wa umma katika ukanda wa dhahabu ana mshahara wa kila mwezi, naye ni katika watu wachache wa huko wasiolazimika kuishi kwa rashi. Akiamua mwenyewe kukimbia pamoja na wachimbaji, watoto wa mtaa huo hawatabaki na mtu mzima hata mmoja wa kuwaonyesha maisha yenye mwendo mwingine.

Jambo moja ndani ya nyumba zenyewe halitakiwi kufichwa. Katika nyumba nyingi za Usukuma, baiskeli ya familia si ya familia. Ni ya baba. Husimama ukutani imefutwa vumbi, huku mama akipita mbele yake na ndoo kichwani na kuni mgongoni, na binti akiondoka alfajiri kwenda kwa miguu katika shule ya sekondari iliyo kilomita nyingi. Binti huyo ndiye asimamishwaye njiani na kijana wa pikipiki na kupewa lifti leo, na chipsi kesho. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkoani Shinyanga, kabla haujamegwa, wanawake 59 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Hakuna mkoa uliouzidi. Sababu zake ni nyingi, na mahari ya ng'ombe ni mojawapo. Lakini umbali wa shule umo, na baiskeli iliyosimama ukutani imo. Wanawake wa Kanda ya Ziwa wamekwisha kuonyesha katika mashindano ya baiskeli kwamba miguu yao haina kasoro. Mtumishi atakayesoma haya akakubali kwamba baiskeli yafaa, kisha akajinunulia yeye peke yake, atakuwa hajaelewa.

Wala haifai kumpa mwananchi baiskeli kisha kumpeleka machinjioni. Barabara itokayo Nzega kupita Tinde, Isaka, Kahama na Ushirombo kwenda Rusumo ni njia ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, na mwendesha baiskeli katika barabara hiyo hana mahali pake. Hupita kwenye ukingo wa lami. Lori likija humbidi aruke kwenye changarawe, na usiku mara nyingi hana taa. Ndani ya miji, lami mpya ya miaka ya karibuni imejengwa kwa kulifikiria gari. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, na halmashauri za Shinyanga, Kahama na Geita haziwezi kusema kwamba hazijui ni nani hutumia barabara zao, kwani madirisha ya ofisi zao yanazitazama daladala hizo za miguu miwili kutwa nzima. Njia ya baiskeli iliyotengwa na gari kwa ukingo mdogo wa zege, tena katika mji tambarare, si kazi ya kusubiri mfadhili. Pikipiki, ambazo tangu kanuni za mwaka 2010 zimeruhusiwa kubeba abiria kwa kukodiwa, zina haki yake barabarani. Lakini haki hiyo haikuandikwa iwe ya kuwasukuma wengine mtaroni.

Wapo watakaouliza kama mtumishi anatakiwa auze gari lake. Hapana. Mama mjamzito hapelekwi Kolandoto kwa keria saa tisa za usiku kama gari lipo, na msiba ulio mbali hauendewi kwa pedeli. Mvua za masika zikigeuza mbuga kuwa gundi, hata Msukuma hodari huibeba baiskeli yake begani. Gari lina kazi yake. Linalotakiwa ni kwamba lisiamshwe kwa safari ya kilomita tatu, kwa sababu tu mwenyewe anaogopa macho ya jirani.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilimfundisha mwananchi kuchimba choo na kuchemsha maji, naye alielewa. Leo wauguzi wa hospitali za mikoa wanawapima presha na sukari watumishi wa umri wa miaka 40 ambao baba zao hawakuyajua maradhi hayo, na huwashauri wafanye mazoezi. Wengine hutii. Huamka saa kumi na moja alfajiri, hukimbia kuzunguka uwanja, hurudi nyumbani wakiwa na jasho, huoga, kisha hupanda gari kwenda ofisi iliyo nyuma ya uwanja ule ule.

Mwanzo waweza kuwa mdogo. Ofisi nyingi za halmashauri zina banda la kuegeshea magari, bati na nguzo, lenye majina ya vyeo yaliyoandikwa kwa rangi. Banda la baiskeli halipo; mlinzi huifunga yake kwenye mti kwa mnyororo, ikanyeshewa na kuchomwa na jua. Mkurugenzi anayeamini haya anaweza kuagiza banda la pili lijengwe, la bati lile lile, na asubuhi ya kwanza baada ya kukamilika aje na baiskeli yake, mwanawe akiwa nyuma, ampitishe shule kwanza.